Tumbo la Jumatatu Asubuhi

Kwenye foleni ya Jumatatu asubuhi katika zahanati za upande wa Lukenya, kaunti ya Machakos, katikati ya kina mama waliobeba wachanga na vibarua waliojeruhiwa na mawe ya machimbo, hakosi mtoto wa miaka tisa au kumi aliyevaa sare ya shule na kujishika tumbo. Muuguzi anamuuliza mama: limeanza lini, ana homa, anaharisha, jana amekula nini. Mama anajibu yote. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, choo hakina tatizo. Mtoto anaandikiwa dawa ya minyoo na ya kutuliza maumivu, mama anahimizwa kuchemsha maji ya kunywa, na jina linalofuata linaitwa. Baada ya wiki chache mtoto yule yule anarudi na tumbo lile lile. Muuguzi hakukosea popote. Amefuata mwongozo aliofundishwa. Ila katika maswali yote aliyouliza, hakuna hata moja alilomwelekezea mtoto mwenyewe, na hakuna lililogusa shule, usingizi, au mambo ya nyumbani. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mtoto mwenye tatizo la afya ya akili tayari yumo ndani ya mfumo wetu wa afya ya msingi. Anaingia na kutoka akilalamikia tumbo, kichwa au kukojoa kitandani, na inawezekana kumtambua na kuanza kumtibu hapo hapo zahanati bila kungoja daktari bingwa hata mmoja zaidi.

Ushahidi wa jambo hili umepatikana Machakos kwenyewe. Mwaka wa 2016 Profesa David Ndetei na wenzake, ambao taasisi yao ya utafiti wa afya ya akili imefanya kazi kwa miaka mingi huko Ukambani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule za msingi. Zaidi ya theluthi ya watoto hao walikuwa na dalili za tatizo moja au zaidi. Kilichoongoza si fujo darasani wala huzuni ya wazi, bali malalamiko ya mwili: kuumwa kichwa, kuumwa tumbo, kichefuchefu, uchovu usioisha. Takwimu hiyo ilitokana na dodoso, kwa hivyo isomwe kama idadi ya watoto wanaostahili kuulizwa zaidi, si idadi ya wagonjwa. Lakini inaoana mno na utafiti wa zamani zaidi ambao Shirika la Afya Duniani liliusimamia katika nchi nne, ikiwemo Sudan, jirani yetu wa wakati huo, pamoja na Ufilipino, India na Kolombia, ukachapishwa 1981. Watoto 925 waliofika kwenye vituo vya afya ya msingi walichunguzwa, na kati ya asilimia 12 na 29 wakakutwa na tatizo la akili. Wengi wao walikuwa wameletwa kwa ugonjwa wa mwili. Wahudumu wa vituo hivyo walikuwa wamewatambua asilimia 10 hadi 20 tu ya watoto hao. Wanane au tisa kati ya kila kumi walirudi nyumbani na dawa ya kitu kingine.

Takwimu za karibuni za nchi nzima zinatusaidia kupima uzito wa jambo lenyewe. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana, ulioongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya Queensland na Johns Hopkins, uliwahoji vijana wa miaka 10 hadi 17 pamoja na walezi wao, na matokeo yakatangazwa 2022. Asilimia 44.3 walikuwa na tatizo la afya ya akili katika miezi kumi na miwili iliyotangulia, ilhali waliotimiza vigezo kamili vya ugonjwa walikuwa asilimia 12.2. Magazeti yaliikimbilia ile ya kwanza kwa sababu inatisha. Mimi naona pengo lililo kati ya hizo mbili ndilo lenye maana kubwa. Katika kila vijana mia moja, thelathini na wawili hivi wana shida inayowasumbua lakini hawajafikia ugonjwa wa kumpelekea daktari wa akili. Hao si wa hospitali ya akili ya Mathari wala si wa hospitali kuu ya kaunti. Wanahitaji mtu mzima mwenye ujuzi kidogo atakayewasikiliza, azungumze na mzazi na mwalimu, kisha awape tarehe ya kurudi. Kazi ya namna hiyo ni ya zahanati na kituo cha afya. Nao wale kumi na wawili hawawezi kufika kwa bingwa kama hakuna mtu wa ngazi ya chini aliyewaona kwanza.

Lukenya inafaa kuwa mahali pa kulifikiria suala hili kwa sababu ina mambo mengi yanayokutana. Kilima chenyewe kinajulikana kwa wapanda miamba na kwa wanaakiolojia waliofukua masalia ya watu wa Enzi ya Mawe, lakini chini yake, kando ya barabara kuu ya Mombasa, kuna maisha mengine: viwanda vya saruji, machimbo ya kokoto, malori usiku kucha, na upande wa Athi River eneo la viwanda vya kuuza nje, EPZ, ambako wazazi hufanya kazi kwa zamu. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu laki tatu katika kaunti ndogo ya Athi River, wengi wao wakiwa wametoka kwingine kutafuta riziki, mbali na nyanya na shangazi ambao zamani wangemwona mtoto amebadilika kabla ya mama yake. Hapo hapo kuna shule za bweni zenye ada kubwa zinazopokea watoto kutoka Nairobi, na watoto hao nao huumwa tumbo, tena tumbo la kusubiri matokeo ya mtihani. Oktoba 2023 matingatinga yalibomoa nyumba nyingi huko Mavoko, upande huo huo wa Athi River, kwenye ardhi iliyoamuliwa na mahakama kuwa mali ya kampuni ya East African Portland Cement. Mjadala ulihusu hatimiliki, madalali na fidia. Mtoto aliyeiona nyumba yao ikiangushwa alfajiri na kuhamia shule nyingine wiki iliyofuata hakuwa katika mjadala huo, na kama alianza kukojoa kitandani baada ya hapo, huenda alipelekwa zahanati akapimwa mkojo.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya haya yote ni kuongeza wataalamu. Siwapingi, naangalia hesabu. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alipochunguza huduma za afya ya akili mwaka wa 2017, alikuta kwamba kati ya hospitali 284 za umma za ngazi ya nne na kuendelea, ni 29 tu zilizokuwa zikitoa huduma hizo. Jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga liliiambia serikali mwaka wa 2020 itangaze ugonjwa wa akili kuwa janga la kitaifa. Madaktari wa akili nchini ni wachache, wengi wako Nairobi, na waliobobea katika watoto ni wachache zaidi. Kumwandaa mmoja huchukua miaka mingi baada ya shahada ya kwanza. Mtoto wa miaka tisa hana muda huo: nusu ya matatizo ya akili ya maisha yote huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 14, kwa hivyo wakati bingwa wa Machakos anahitimu, mtoto wa leo atakuwa ameshaacha shule au ameshakuwa mgonjwa wa wadi ya watu wazima. Sheria na sera tunazo: sera ya afya ya akili ya 2015 hadi 2030, marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022, na Sheria ya Afya ya Msingi ya 2023. Zote zinasema huduma ishuke hadi mashinani. Kwa mtoto wa Lukenya, mashinani ni chumba kimoja chenye meza, mizani ya watoto, na muuguzi mwenye wagonjwa hamsini wanaomsubiri nje.

Jibu la kwanza ambalo kila wizara hulikimbilia ni mafunzo: semina ya siku tano, chai na mandazi, cheti. Hapa Kenya tuna bahati ya kuwa na utafiti uliolipima jibu hilo. Kuanzia 2005, Profesa Rachel Jenkins wa London na wenzake wa Kenya waliendesha mafunzo ya siku tano ya afya ya akili kwa zaidi ya wahudumu elfu moja wa afya ya msingi, kupitia vyuo vya mafunzo ya udaktari. Kisha wakalinganisha vituo vilivyopata mafunzo na visivyopata. Matokeo, yaliyochapishwa 2013, yanashangaza mara ya kwanza kuyasoma: wagonjwa wa wahudumu waliofunzwa walipata nafuu zaidi kiafya na katika maisha yao, lakini wahudumu hao hawakuongeza idadi ya wagonjwa waliowatambua. Utafiti huo ulihusu watu wazima, lakini naona unatufundisha jambo moja kuhusu watoto. Mafunzo huongeza ustadi wa kuhudumia, hayabadilishi kile ambacho macho huona wakati foleni ni ndefu. Muuguzi huona kile ambacho kitabu chake kinamtaka akione.

Na kitabu chenyewe tukitazame, kwa sababu siri kubwa iko humo. Mtoto wa chini ya miaka mitano ana kijitabu cha mama na mtoto chenye mistari ya uzito, tarehe za chanjo na hatua za ukuaji. Ana mwongozo wa magonjwa ya utotoni unaomlazimisha muuguzi kuuliza dalili za hatari moja baada ya nyingine, hata awe amechoka vipi. Siku anapotimiza miaka mitano, vyote hivyo vinamwacha. Anahamia kwenye rejista ya waliozidi miaka mitano, na mwisho wa mwezi anajumlishwa katika fomu ya MOH 705B, ambamo mtoto wa darasa la pili na babu yake wa miaka themanini ni kundi moja. Humo magonjwa ya akili yana mstari mmoja. Mtoto anayetetemeka kila akisikia lori, kijana aliyeacha kula, na mzee aliyechanganyikiwa kwa uzee, wote ni alama kwenye mstari huo huo, na kwa kawaida hakuna alama kabisa, kwa kuwa wa kwanza ameandikwa minyoo na wa pili ameandikwa vidonda vya tumbo. Afisa wa afya wa kaunti anayepanga bajeti anaisoma fomu hiyo na kukuta watoto wa Machakos hawana shida. Sioni ubaya wa nia kwa mtu yeyote hapa. Naona mfumo uliojengwa kwa bidii kupambana na kuhara, surua na malaria, magonjwa yaliyokuwa yakiwaua watoto wetu, ukafanikiwa sana, na haujaulizwa kazi inayofuata.

Basi maswali yawekwe kwenye rejista. Dodoso refu halihitajiki siku ya kwanza. Lipo dodoso la maswali 25 lililotungwa na Robert Goodman wa Uingereza mwaka wa 1997, limetafsiriwa kwa Kiswahili na linajazwa na mzazi au mwalimu kwa dakika chache. Hilo linafaa kwa mtoto aliyeonyesha dalili. Kwa kila mtoto wa shule anayekuja mara ya pili kwa maumivu yasiyo na sababu, maswali machache yanatosha, mradi yaulizwe mtoto akiwa peke yake. Muuguzi anayesema, "Mama, naomba niongee na huyu kijana kidogo, wewe nisubiri hapo nje," amefanya kitu ambacho hakuna kipimo cha maabara kingemfanyia. Unalala vizuri? Bado unafurahia kucheza na wenzako? Nini kinakufanya usitake kwenda shule? Kuna mtu anayekuogopesha au kukuumiza? Swali hili la mwisho si la kubahatisha: uchunguzi wa kitaifa wa 2019 kuhusu ukatili ulionyesha kwamba miongoni mwa Wakenya wa miaka 18 hadi 24, karibu nusu ya wanawake na zaidi ya nusu ya wanaume walifanyiwa ukatili wa aina fulani wakiwa watoto. Kwa mama naye yapo ya kuuliza: mtoto amebadilika tangu lini, na wewe mwenyewe hali yako ikoje? Mama aliyetoka zamu ya usiku akiwa na huzuni ya miezi sita ni sehemu ya ugonjwa wa mtoto, na mara nyingine ndiye mgonjwa wa kuanza naye.

Lipo swali ambalo wahudumu wengi huliogopa, la kama kijana amewahi kufikiria kujiua. Hofu ni kwamba ukilitaja utakuwa umempa wazo. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2005, uliohusisha wanafunzi zaidi ya elfu mbili wa sekondari katika jimbo la New York, ulipima jambo hilo hasa: walioulizwa hawakuwa na fadhaa wala mawazo ya kujiua zaidi ya wasioulizwa, na waliokuwa na huzuni tayari walielekea kupata nafuu kwa kuulizwa. Hapa Kenya kulikuwa na hofu ya pili, nayo ilikuwa na mashiko. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kwa hivyo mzazi aliyesema ukweli mbele ya muuguzi aliweza kuhisi amemshtaki mwanawe. Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Habari hiyo inafaa kubandikwa ukutani zahanati, kando ya bango la chanjo.

Baada ya kutambua, matibabu. Hapa ndipo pingamizi lenye nguvu kuliko yote hutokea, nalo nalikubali nusu: kumpima mtoto na kumwambia mzazi ana tatizo, kisha usiwe na cha kumpa, ni ukatili. Ni kweli. Pingamizi hilo lingeua hoja yangu kama matibabu ya watoto hawa yangekuwa ni dawa au vikao vya bingwa peke yake. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio mabingwa, uliotolewa mara ya kwanza 2010 na kuboreshwa 2016, una sehemu nzima ya watoto na vijana, na ukiisoma utashangaa jinsi dawa zilivyo chache humo. Dawa za huzuni haziruhusiwi kwa walio chini ya miaka 12, na kwa vijana haziandikwi bila bingwa. Kinachopendekezwa kwanza ni kumweleza mzazi kinachoendelea kwa lugha anayoielewa, kumfundisha kumsifu mtoto kwa jambo mahususi badala ya kumchapa kwa yote, kupanga saa za kulala, kumrudisha mtoto shuleni taratibu bila kumlazimisha wala kumwachilia, kumpigia mwalimu simu, na kumpa mzazi mwenyewe msaada. Kwa mtoto wa tumbo la Jumatatu, matibabu ya mwezi wa kwanza yanaweza kuwa haya: muuguzi anakubali kwamba tumbo linauma kweli, anaeleza kwamba woga huumiza tumbo hata la mtu mzima, mwalimu wa darasa anaombwa ampokee mlangoni wiki mbili, na mama anapewa tarehe ya kurudi hata kama tumbo limepoa. Ile tarehe ya kurudi ndiyo dawa inayosahaulika mno. Mgonjwa wa presha na wa kisukari wana kliniki yao ya kila mwezi. Mtoto huyu huambiwa arudi akizidiwa.

Kwamba watu wasio mabingwa wanaweza kutoa msaada unaopimika, Kenya yenyewe imeonyesha. Tom Osborn na wenzake wa shirika la Shamiri waliwatumia vijana waliomaliza shule, waliopewa mafunzo mafupi, kuendesha vikao vinne vya kikundi kwa wanafunzi 413 wa sekondari waliokuwa na dalili za huzuni na wasiwasi. Matokeo yaliyochapishwa 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry yalionyesha dalili zikipungua zaidi kuliko kwa wanafunzi waliofundishwa mbinu za kusoma kwa muda ule ule. Tusiyapanue kupita kiasi: walikuwa vijana wa sekondari, si watoto wa miaka minane, na msaada ulitolewa shuleni, si zahanati. Watoto wenye kifafa, usonji, au dalili za kupoteza uhusiano na uhalisia wanahitaji njia nyingine, na hao ni wa rufaa ya haraka. Lakini kwa wale thelathini na wawili wa katikati, hoja kwamba hakuna wa kuwahudumia imepungua nguvu.

Muuguzi atauliza, na ana haki: dakika zitoke wapi? Wagonjwa hamsini, mtu mmoja, na fomu juu ya fomu. Jibu langu halimfurahishi mtu yeyote, kwa kuwa dakika hizo tayari zinatumika. Mtoto aliyerudi mara nne kwa tumbo amekula dakika ishirini za muuguzi, vipimo vinne na dawa za minyoo zisizohitajika, bila nafuu. Dakika kumi katika ziara ya pili ni akiba. Ila siwezi kudai kwamba hesabu hiyo itajitosheleza bila kuongeza mtu. Kituo cha afya kinachohudumia makumi ya maelfu kinahitaji angalau mnasihi mmoja, na anayesema kazi hii itafanywa kwa moyo wa kujitolea tu anawadanganya wauguzi waliozoea kudanganywa.

Kundi jingine la wapinzani lina swali zito zaidi. Wanasema mnageuza umaskini kuwa ugonjwa. Mtoto ana njaa, nyumba imebomolewa, baba hana kazi; mwiteni mwenye njaa, msimwite mwenye wasiwasi. Nakubali kwamba hakuna mazungumzo yatakayojenga nyumba upya, na afisa wa kaunti atakayetumia neno afya ya akili kukwepa suala la makazi na lishe anastahili kushikwa shati. Lakini ukiichunguza hoja hii, inamnyima mtoto maskini kile ambacho mtoto wa tajiri hupewa bila kuulizwa. Mtoto wa shule ya bweni ya pale pale Lukenya akibadilika, mzazi hulipia mwanasaikolojia Nairobi na hakuna anayesema tatizo lake ni mazingira tu. Isitoshe, muuguzi aliyeuliza nyumbani kuna nini ndiye mtu wa kwanza katika serikali kuandika kwamba kuna njaa. Kuhusu lebo, mtu akisema mtoto ataitwa mwendawazimu maisha yake yote, asikilize kwanza majina anayoitwa sasa: mtukutu, mvivu, muongo, mwenye mapepo. Hizo ni lebo pia, tena zinazotibiwa kwa kiboko, ingawa adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku 2001.

Na mapepo nayo yasipuuzwe. Wazazi wengi wa Ukambani humpeleka mtoto kwa mchungaji au mganga kabla ya zahanati, na wengine baada yake. Katika kaunti jirani ya Makueni, Christine Musyimi, Ndetei na wenzao waliwakalisha waganga wa kienyeji, viongozi wa dini na wahudumu wa afya meza moja, na wakaona kwamba mazungumzo na rufaa kati yao vinawezekana. Zahanati haitashinda vita ya kuwafukuza watu hao. Inaweza kupata rufaa kutoka kwao ikiwaheshimu kiasi cha kuwaeleza dalili tatu za hatari na kuwapa nambari ya simu.

Machakos haianzi na mikono mitupu. Wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya laki moja nchini walipewa mikoba ya vifaa na simu Septemba 2023, kila mmoja akipangiwa nyumba mia moja hivi. Wanapima presha na sukari mlangoni, na hawaulizi kama mtoto wa nyumba hiyo amekwenda shule wiki hii. Chanjo ya HPV iliyoanzishwa Oktoba 2019 huwakutanisha wasichana wa miaka kumi na muuguzi katika umri ule ule ambao wasiwasi huanza kukita mizizi. Maswali mawili yaongezwe siku hiyo, na wavulana waitwe pia. Chuo Kikuu cha Daystar, ambacho kampasi yake kubwa iko hapo hapo vilimani Lukenya, hufundisha saikolojia na unasihi hadi ngazi za juu, na wanafunzi wake wanahitaji mahali pa mazoezi. Mkataba kati ya chuo na kaunti, wanafunzi hao wakae siku mbili kwa wiki kwenye vituo vya afya vya Mavoko chini ya msimamizi anayelipwa, ungegharimu kidogo kuliko semina moja ya hoteli. Msimamizi asikosekane, kwani mwanafunzi aliyeachiwa peke yake mtoto aliyebakwa ni hatari kwa wote wawili. Hazina ya afya ya msingi iliyoundwa 2023 inalipia huduma za ngazi ya pili na ya tatu bila mgonjwa kutoa pesa, kwa hivyo kaunti ina haki ya kudai kwamba mazungumzo na mzazi wa mtoto yahesabiwe kuwa huduma, yenye msimbo na malipo yake, sawa na kushona jeraha. Fomu ya 705B nayo ikigawanywa, wenye miaka mitano hadi kumi na saba wakawa na safu yao, gharama ni ya karatasi na mabadiliko kidogo ya kompyuta, na kufikia mwisho wa mwezi wa kwanza afisa wa kaunti atakuwa na takwimu ambayo leo hana: ni watoto wangapi wa Lukenya walioletwa kwa tumbo mara ya pili, na wangapi kati yao walioulizwa kwa nini.